Mpira wa Wageni

Speciose alikuwa na neno lake kuhusu watu wa misaada: wanakuja na filimbi kabla hawajakuuliza jina. Alilisema akipalilia kahawa ya Byarugaba pale Nkwenda, kwa ujira wa mkungu wa ndizi, na wenzake wakacheka mpaka majembe yakasimama.

Mwenye filimbi, mwaka ule wa 1995, aliitwa Egbert. Alikuja na mpira wa netiboli, ngoma na maneno mengi juu ya wajane kama Speciose, waliovuka mto kukimbia vita: michezo itawaponya, muziki utawafuta machozi. Kisha akavifungia vyote stoo, kwa kofuli kubwa kama kiazi.

"Mtaviharibu," alisema. "Hivi ni vya siku ya wageni."

Wanawake wakatazamana. Dawa imefungiwa, wagonjwa wasije wakaimaliza!

Speciose akaviringa majani makavu ya mgomba, akayakaza kwa kamba za mgomba huohuo, ukatoka mpira mzito kama kichwa cha mbuzi. Wakawa wanacheza jioni baada ya kibarua, mmoja wao akipiga debe tupu pembeni kama ngoma. Mwenyewe hakutaka kuponywa. Maumivu yake alikwisha kuyazoea. Alichotaka ni sauti ya Costansia, mjane kijana aliyekuwa hajatamka neno tangu avuke mto. Jioni moja mchezoni, akiwa hajakabwa chini ya goli, Costansia alinyoosha mikono akapiga ukelele: "Hapa!"

Tangu siku hiyo neno lile lilisikika mchezoni, na mchezoni tu.

Ndipo mvua za vuli zikaja. Mpira wa majani ukalowa, ukaoza. Speciose akaviringa mwingine, nao ukafumuka. Costansia akarudi kwenye ukimya wake, akawa anatazama uwanja mtupu. Speciose akaenda kuomba ule wa stoo.

"Subira, mama," alisema Egbert. "Wageni wanakuja Jumamosi."

Walikuja kweli, wafadhili wa mradi, wakapewa viti na miavuli. Wanawake wa kijiji cha Nyakatuntu waliletwa kuwa wapinzani.

"Kwanza imbeni wimbo wa majonzi," Egbert alinong'ona. "Na Costansia asimame mbele, wamwone."

"Wamwone nini, baba? Kwani ni ng'ombe wa mnada?" Speciose aliuliza.

Hawakuimba. Waliingia uwanjani, na hapo ndipo aibu ilipoanza. Mikono iliyozoea mpira wa majani ilirusha kwa nguvu zilezile. Mpira wa Egbert, mwepesi kama kibuyu kitupu, ukapaa juu ya goli hadi migombani. Ukaletwa, ukapaa tena. Wageni wakacheka. Egbert akaja mbio, kola imelowa jasho.

"Mmenitia aibu! Mradi mzima huu!"

"Hatujuani na mpira wako," Speciose alijibu. "Leo ndiyo tumetambulishwa."

Wa Nyakatuntu walicheka mpaka wakashikana mabega. Egbert akapiga filimbi, akanyoosha mkono, ufunguo wa stoo tayari kidoleni.

"Leta mpira."

Speciose alikuwa ameukumbatia. Kule chini ya goli mikono miwili ikainuka.

"Hapa!"

Akaurusha, safari hii taratibu. Costansia akaudaka. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya ratiba. Mmoja wao akamgeukia Egbert.

"Mpira huu ni wao?"

Egbert akaficha ufunguo mfukoni.

"Ni wao," akasema.

Ngoma zilibaki stoo. Hizo nazo Speciose alizipangia siku ya kuzitoa.