Ubani wa Kuuzia Nyumba

Nichekeni taratibu, maana mimi mwenyewe bado sijamaliza kujicheka.

Mjomba alivuka kwenda Unguja kumleta mnunuzi wa nyumba yetu ya Bagamoyo, akaniachia kazi ya kuipendezesha. Nilipaka chokaa hadi kuta zikang'aa kama mwezi. Kitanda nikakitoa barazani kipate jua, mlangoni nikatundika pazia la bafta nyeupe, kisha nikafukiza ubani kuondoa harufu ya popo. Moshi ukanilevya. Nikajiona niko Unguja tayari, ghorofani, nimejifunga kilemba cha hariri.

Jirani yetu Bi Tatu akachungulia, macho mekundu.

"Pole, mwanangu. Mjomba ametuacha?"

"Ametuacha tangu juzi," nikamjibu huku nikipaka.

"Aliteseka?"

"Hata kidogo. Aliondoka anacheka. Safari yenyewe aliitamani siku nyingi."

Akaenda zake analia. Nikadhani anasikitika kwamba tunahama.

Nikarudi kwenye ndoto yangu. Baadaye nikasikia Yasini ikisomwa nje, sauti tamu, nikasema moyoni majirani gani hawa wema, wanatuombea nyumba ipate bei. Nikatoka na chetezo niwafukizie.

Baraza ilijaa watu, wote wameinamisha vichwa. Mjomba alikuwa ndiyo kwanza anafika, na mnunuzi nyuma yake. Akapita katikati yao polepole, machozi yakimlenga, akanikumbatia.

"Pole, mwanangu," akaninong'oneza. "Ametutoka nani?"

Vichwa vikainuka, kisomo kikakatika. Watu wakamtazama yeye, kisha wakanigeukia mimi, na chetezo changu kinafuka.