Wafadhili wa Ulaya waliposhindwa, kina mama wa Ihembe walinisomesha unesi kwa ndizi

Wakuu, salaam. Walionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni nesi mstaafu, kwa sasa naishi huku Rubwera. Juzi humu ndani watu walibishana kama misaada ya makanisa ya nje ilitujenga au ilitulemaza. Sikuchangia. Nimeona bora nieleze yaliyonipata mimi mwenyewe, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema.

Nilizaliwa Ihembe, Karagwe. Baba alitoka Burundi akiwa kijana, akawa kibarua kwenye vibanja vya watu. Kupalilia migomba, kuchuma kahawa, chochote. Hata pale tulipojenga palikuwa pa kuazimwa.

Miaka ya themanini nilipata nafasi chuo cha uuguzi cha kanisa. Mwinjilisti wetu ndiye aliyenihangaikia. Ada ililipwa na kina mama wa usharika mmoja Ulaya, watu ambao sijawahi kuwaona hadi leo.

Walikuwa wanatuma kadi za Krismasi. Nasikia kila Jumapili walinitaja kwenye maombi, jina langu wakilitamka kwa tabu zao. Siwezi kuwasema vibaya.

Nikiwa mwaka wa pili, mkuu wa chuo aliniita ofisini. Alikuwa mama wa Kihaya, mkali, hakuwa mtu wa kumkalisha mwanafunzi. Siku hiyo akaniambia nikae. Hapo hapo nikajua kuna jambo.

Akanieleza kuwa usharika ule umepungua watu. Wazee wamefariki, vijana hawaji, na kanisa lenyewe linaunganishwa na la jirani. Hawawezi tena. Nimalize muhula, nikikosa wa kunilipia nibaki nyumbani.

Likizo nikarudi Ihembe. Nilimwambia baba akiwa ametoka tu kazini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua jembe akarudi shambani, ingawa kazi ya siku ile alikuwa ameshaimaliza.

Mimi nilishaanza kuzoea wazo la kuchuma kahawa ya watu.

Jumapili, baada ya matangazo, mwinjilisti akawaeleza washarika. Mzee mmoja wa kanisa akasema kwa upole kabisa kwamba anasikitika, ila wapo watoto wa wenyeji nao hawajasomeshwa, sasa itakuwaje tuanze na wa wageni?

Baba alikuwa amekaa benchi la nyuma. Sikugeuka kumtazama.

Aliyejibu ni Mama Anastazia, mjane, kiongozi wa kina mama. Hakupandisha sauti.

"Mzee, siku akija kukuchoma sindano, utamuuliza baba yake alitoka wapi?"

Kuna waliocheka. Mzee mwenyewe alitabasamu, ingawa sidhani kama alikubali siku ile.

Tatizo likabaki: pesa hawana. Kahawa ilikuwa imeshauzwa na malipo hayajaja (waliolima kahawa enzi zile wananielewa). Walichokuwa nacho ni ndizi.

Mama Anastazia na wenzake wawili wakafunga safari nami mpaka chuoni. Mkuu wa chuo akawapokea vizuri, lakini akasema chuo hakipokei ndizi kama ada, hana utaratibu huo.

Mama Anastazia akamuuliza wanafunzi wanakula nini.

Mkuu akaagiza mtunza stoo aitwe. Wakazungumza Kihaya kwa haraka, kama vile sisi hatusikii. Kumbe chuo kilikuwa kinanunua ndizi sokoni kila wiki, tena kwa shida. Wakakubaliana: kina mama wa Ihembe watalisha jiko la chuo, na mimi nitasoma.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumamosi lori la misheni likipita barabarani lilikuta mikungu imepangwa. Mama huyu katoa mkungu mmoja, yule katoa mwingine. Baba alikuwa anakwenda kuikata na kuibeba, kwa kuwa yeye hakuwa na mgomba wake hata mmoja.

Familia moja ya wafugaji kule nyikani nayo ikataka kushiriki, wakatoa maziwa. Yalifika yameganda kwa jua na mtikisiko. Mtunza stoo alitaka kuyamwaga, wanafunzi wakayawahi. Baada ya hapo tukawa tunayaulizia.

Msidhani ilikuwa raha tupu. Kuna wenzangu waliniita Mkungu. Na mimi kila nikikaa mezani nilimwona mtu: hii ndizi imetoka kwa fulani, ana watoto wadogo, leo wao wamekula nini? Kuna siku niliinuka mezani sijala. Kadi ya Krismasi kutoka mbali haikuwahi kunielemea hivyo.

Nikamaliza. Nikapangiwa zahanati ya kanisa, si mbali na nyumbani.

Kabla sijaanza kazi nikaenda kwa Mama Anastazia kumshukuru. Nikamuuliza nitawalipaje. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha.

Akasema, "Hatutaki utulipe. Tukija kujifungua, usitukaripie. Mkamwana wangu alifia hapa ndani. Alikataa kwenda kwa manesi kwa sababu mara ya kwanza walimtukana."

Wakuu, nilikuwa namfahamu yule mkamwana. Sikujua alivyokufa. Mama Anastazia hakuwa ameligusia hilo kanisani, wala chuoni, wala popote.

Nimefanya kazi leba miaka mingi. Yapo mambo niliyashindwa, na kuna kina mama niliowapoteza ambao hadi leo nawaota. Ila kukaripia, hapana. Nikichoka sana nilikuwa natoka nje, nanawa uso, narudi. Nakaa ukingoni mwa kitanda naongea na mama kwa Kinyambo, lugha ya kwetu Karagwe, au kwa Kirundi cha baba kama ndicho anachokielewa.

Miaka ile ya tisini wakimbizi walipoingia mkoani kwetu, hicho Kirundi kilinisaidia kuelewana nao. Lakini hayo yanahitaji uzi wake.

Nilichojifunza? Wale wa Ulaya walinifungulia mlango, na nawaombea. Lakini mtu aliyekusomesha huku akikujua kwa sura, huyo anakudai kitu kingine kabisa. Hakudai shukrani. Anakudai uwe mtu wa namna fulani, kila siku, hata siku ambayo hujisikii.

Karibuni mchangie. Hasa kina mama: nesi alikwambia neno gani siku ile ambalo hujalisahau, zuri au baya? Nitasoma yote. Na manesi walioko kazini, someni pia.