Taima Niliyosahau Kuifuta

Mie ndiye niliyekosea, lawama akabebeshwa mtu mwingine. Nayasema hapa kwa sababu kwetu hakuna tena anayetaka kunisikiliza.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Dada yangu wa Kibamba alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, kile kifaa cha kuiendesha kikafa, akaniomba nimtengenezee kingine. Nikaandika programu yenye taima mbili, yaani saa za ndani za kuhesabu muda. Moja inahesabu kurudi nyuma, ikifika sifuri inazima balbu za joto. Nyingine inajirudia, kila baada ya muda inaziwasha.

Nikaharibu kwenye hiyo ya kujirudia. Kila joto liliposhuka, programu ilianzisha taima mpya bila kuifuta ya zamani. Zikajazana humo ndani. Hii ikizima, ile inawasha, balbu zikawa hazipoi. Nami niliijaribu mezani kwangu dakika chache tu, nikaona iko poa, nikampelekea.

Mayai yote yakaivia ndani.

"Mdogo wangu, hii nini tena?" dada aliniuliza huku analia.

Nikafungua laptopu, kosa nikaliona palepale. Ulikosekana mstari mmoja. Aibu ikanishika, nikasema, "Kuna mtu kachezea swichi."

Sasa mle ndani anaishi yeye na mumewe tu. Na shemeji alikuwaga analalamika kila siku kwamba mashine inamjazia sebule.

Shemeji, naye akiwa palepale, akanigeukia. "Shemeji, mie sijagusa. Mwambie basi."

Nikainamia laptopu.

Walikuwa na ugomvi wao wa siku nyingi, hilo likawa la kumalizia. Dada akamfukuza. Shemeji akakaa Tabata kwa kaka yake, halafu akarudi kwao Lindi. Tukasikia ameoa huko.

Ndipo nikaenda kumwambia dada ukweli. Sijui nilitegemea nini. Hakupiga kelele. Alisema, "Aliniapia kwa Msahafu, nikamwita mwongo. Na wewe ulikuwa umekaa palepale."

Akafunga mlango. Hadi leo nikipiga simu hapokei, na shemeji alishabadilisha namba.

Nyie mnaoandika programu, futeni taima ya zamani kabla ya kuanzisha mpya. Na mkikosea, semeni hapohapo, aliyeonewa akiwa bado yumo ndani. Programu niliirekebisha jioni ileile, kimyakimya. Ukweli niliuchelewesha mpaka ukawa haumsaidii mtu.