Paka wa Mchungaji, Mwaka wa Surua

Juzi Jumapili paka aliingia kanisani kwetu hapa Mabawa, mahubiri yanaendelea, na mzee wa kanisa akamfukuza kwa ufagio. Watu wakacheka. Mimi nilishindwa, ndugu yangu. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, maana nilikuwa nimemkumbuka mchungaji wa utotoni mwangu.

Miaka ile ya hamsini tuliishi kambi ya mkonge, upande wa Muheza. Baba alikuwa mkata mkonge. Harufu ya maganda yaliyooza ilishika kila kitu, hata ugali. Sisi tuliotoka milimani tulikuwa na kanisa letu la udongo na mchungaji wetu, Mshambaa aliyefiwa na mkewe, akiishi na paka mmoja wa rangi ya majivu. Mchungaji akihubiri, paka hulala juu ya viatu vyake, wala hakuna aliyemkemea. Mdogo wangu, ambaye hata shule hajaanza, alimpenda paka yule kuliko sisi. Akila dagaa humfichia vichwa mfukoni, na mama akija kufua kaptula zile, ni kelele mtindo mmoja.

Kisha surua ikaingia kambini. Mdogo wangu akashikwa. Macho yakavimba, hataki uji, hataki chungwa, anamtaka paka tu. Mchungaji akamleta, amemfunika kwa koti lake, akamlaza mkekani kando ya mtoto. Akapiga magoti, akaomba mpaka jasho likamtoka. Aliposimama akamshika mama mkono.

"Usilie, mama. Huyu atapona. Bwana amenionyesha."

Mama akaamini. Jioni ile alitupikia wali wa nazi kwa papa wa Kigombe, kama sikukuu. Alfajiri mdogo wangu akafariki, paka bado yuko kifuani pake.

Mama hakwenda tena kanisani. Mchungaji akawa anakuja kila alasiri, anakaa kwenye gogo nje ya mlango wetu, na mama anatwanga kisamvu kana kwamba hapana mtu. Siku moja akauacha mchi.

"Mchungaji, ulisema atapona."

"Nilisema, mama."

"Nani alikuonyesha?"

"Hakuna aliyenionyesha, mama. Nilitaka sana iwe hivyo."

Mama akarudi kwenye kinu chake.

Jumapili iliyofuata mchungaji alisimama akawaambia watu wote maneno hayohayo, kwamba aliahidi asichokuwa nacho, kisha akaketi bila kuhubiri. Nyumba nyingi zilikuwa zimefiwa. Zilitaka kusikia neno jingine. Kanisa likapungua watu, na kabla ya vuli akaondoka kurudi milimani. Lori liliponguruma, paka alikurupuka akapotea. Mchungaji alizunguka nyuma ya nyumba akimwita, mpaka dereva akachoka kupiga honi.

Njaa ilipomzidi, paka alikuja mlangoni kwetu. Mama alimwekea mabaki ya samaki bila kumtazama, akafanya hivyo mpaka paka alipokufa.

Kambi ile haipo tena. Nyumba zilibomolewa, na makaburi yamelimwa mihogo. Mama alikuwa na sauti nzuri. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisa akienda kisimani, na watu wa kambi za jirani walimjua kabla hawajamwona. Tangu alfajiri ile hakuimba tena, mpaka siku tulipomzika yeye mwenyewe. Wakati mwingine, nikiwa peke yangu jikoni, najaribu kuikumbuka sauti ile. Siipati.