Kufuli Tisa na Trei ya Mayai

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa trei ya mayai. Mayai yenyewe hayakuwemo. Ilikuwa trei tupu, ile ya karatasi yenye vishimo thelathini. Nilikuwa nimefika Kitale na sanduku la mbao lenye koleo, bisibisi tatu na chuma cha kuchomelea risasi, mimi fundi wa redio niliyejulikana soko zima kule kwetu Bungoma. Shule niliachia darasa la sita. Sisemi hivyo unionee huruma. Nasema ili wewe mwenye digrii ujue kwamba mkono wangu ulisoma kabla ya kichwa, na mpaka leo haujaniaibisha.

Mwenye karakana tulimwita Fundi Mkuu. Wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati wakaja Trans-Nzoia kulima mahindi, naye badala ya shamba akapenda nyaya. Alikuwa mfupi, mwenye koti la bluu na kalamu sikioni. Aliangalia sanduku langu, hakulifungua.

"Umewahi kufungua kompyuta?"

"Redio nimefungua za kila aina, Mzee."

"Sijauliza redio."

"Kompyuta bado."

"Vizuri. Basi hakuna yenye umeharibu."

Aliweka kompyuta mezani, akaweka trei kando yake, kisha akamwita mwenye mashine, mama mmoja muuza mbegu aliyekuwa ameketi kwenye benchi. "Mama, kuja usimame hapa."

"Mimi najua nini ya hiyo? Nyinyi tengenezeni tu."

"Si lazima ujue. Ni yako. Kuja uone tumbo lake."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana ile. Mashine haifunguliwi kama mwenyewe hajasimama pale. Kila skrubu inayotoka inawekwa kwenye kishimo chake, kuanzia kushoto, kwa utaratibu wa kutoka. Kila kitu kinatajwa kwa sauti: huu ubao mkuu, ambao vyombo vingine vyote vimechomekwa kwake, hii memori, inayokumbuka wakati stima iko na kusahau ikipotea, hii diski, ndiyo ghala, isiyosahau. Ukimaliza, trei iwe tupu. Skrubu moja ikibaki unafungua tena, hata kama mashine inawaka vizuri. Nilifungua ya yule mama mara tatu siku hiyo. Mara ya tatu aliniambia, "Baba, hata mimi sasa naweza." Fundi Mkuu akacheka mpaka kalamu ikaanguka.

Mimi sikucheka. Huko kwa redio nilizoea kumpa mteja mgongo. Ukimwonyesha kila kitu, atakulipa kwa nini? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri hivyo kwa miaka mitatu nikiwa nimefunga mdomo.

Baada ya miaka hiyo nilipelekwa Bungoma kuwa msimamizi wa tawi. Nilishona suti. Tawi lilikuwa chumba kimoja na mabati yaliyopiga kelele juani, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu na hakuna aliyeniangalia mkono. Wakati huo mafundi wa barabarani walikuwa wengi, na mteja niliyemhudumia leo ningemwona kesho kwa mwingine. Jambo hilo liliniuma. Basi nikaenda duka la vyuma nikanunua kufuli ndogo tisa.

Nieleze, maana kompyuta za siku hizi hazina mambo hayo. Masanduku ya zamani yalikuwa na kipete kidogo nyuma, mahali pa kupitisha kufuli ili mwenye ofisi azuie wezi wa memori. Mimi niliwafungia wateja wangu wakubwa na funguo nikabaki nazo. Halafu kuna chumba cha ndani kabisa cha mashine, ile mipangilio unayoingia kabla haijaamka, mahali unapoiambia ianze kwa diski gani. Huko niliweka neno la siri langu mwenyewe, moja kwa mashine zote. Mashine ilifanya kazi kama kawaida, mwenyewe asijue lolote. Siku ikiharibika ndiyo angegundua kwamba hakuna mwingine anayeweza kuigusa ila mimi. Niliita hiyo akili.

Mojawapo ilikuwa ya shule moja ya sekondari kule Naitiri, na ilikuwa kompyuta pekee ya shule. Sekretari wao, Madam Nasimiyu, alikuwa ameandika humo majina ya watahiniwa wote wa kidato cha nne, na orodha ilitakiwa ofisi ya elimu Ijumaa kabla ya saa kumi. Jumatano asubuhi mashine ikakataa kuamka. Akanipigia simu.

"Fundi, kuna mwalimu wa hesabu hapa yuko na CD. Anasema inaweza kuamsha mashine bila ile programu imeharibika, tutoe majina. Lakini inauliza neno la siri."

"Msiguse. Nitakuja Jumatatu."

"Jumatatu? Fundi, majina ni Ijumaa! Si unipatie tu hilo neno?"

"Madam, hayo ni mambo ya ufundi. Hayasemwi kwa simu."

Nilikata. Kusema kweli nilikuwa na nafasi ya kwenda hata siku hiyo. Nilitaka wangoje kidogo wajue fundi ni nani. Nimeandika sentensi hiyo na ninaiacha hapo.

Nasimiyu hakungoja. Alhamisi asubuhi alifunga kompyuta ndani ya leso, akaipakata kama mtoto mchanga na kuipeleka Kitale kwa Fundi Mkuu, pamoja na ile CD ya mwalimu. Saa nne simu ya tawi ikalia.

"Kuja," sauti ya Fundi Mkuu ilisema. "Na ufunguo."

Nilipofika nilikuta mashine mezani, trei ya mayai kando yake, mafundi wote wamesimama na Nasimiyu katikati, macho mekundu. Fundi Mkuu angeweza kukata kile kikufuli kwa msumeno kwa dakika moja. Hakukigusa.

"Fungua."

Nikafungua kufuli.

"Washa."

Nikawasha. Neno la siri likaulizwa kwenye kioo.

"Usiandike. Sema, Madam ndiye ataandika."

"Mzee, tafadhali…"

"Sema, bana! Huyu mama amelala bila usingizi."

Nikasema polepole, kila mtu akisikia: "Fundi ni mimi."

"Ati?"

"Fundi ni mimi. Imeshikana. Herufi kumi na moja."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Fundi Mkuu alivuta pumzi akauliza kwa upole kabisa, "Kubwa ama ndogo?"

"Ndogo, Mzee."

Nasimiyu akaandika kwa kidole kimoja. Wakaweka ile CD, wakaipa mashine amri ianzie hapo, tukasimama kungoja. Sijawahi kuona dakika ndefu namna hiyo. Kisha kioo kikawa na rangi, diski ikafunguka kama ghala, na majina yakatokea. Nasimiyu akayasoma kwa sauti, moja moja, kama anaita rejista. Alipofika katikati akagusa kioo. "Huyu ni wangu," akasema. "Msichana wangu." Sikujua. Sikuwa nimeuliza.

Baada ya kunakili majina, Fundi Mkuu alimpa bisibisi. Akamwonyesha betri bapa kama shilingi iliyo kwenye ubao mkuu, ile inayolinda mipangilio. "Madam, mashine nyingi za aina hii, ukitoa hii betri ikae nje kidogo, neno la siri lote linapotea. Toa. Sasa hata sisi wote tukifa kesho, wewe utajifungulia." Akatoa. Akaweka skrubu kwenye vishimo kuanzia kushoto bila kuambiwa. Majina yalifika ofisi ya elimu Ijumaa kabla ya saa sita.

Mimi nilijua kazi yangu pale imekwisha. Nilianza kuvua koti. Fundi Mkuu akaniuliza, "Unaenda wapi? Uko na kufuli ngapi?"

"Tisa, pamoja na hii."

"Basi zimebaki nane. Utaenda kwa kila mtu umefungia, ufungue mbele yake. Na usimwambie ati ni mambo ya ufundi. Mwambie kwa nini ulifunga. Ukileta tisa, uko na kazi. Ukileta nane, hauna."

Nilizunguka juma zima. Huko Lugulu mzee mmoja wa kanisa, aliyechapishia ratiba za ibada kwenye mashine yake, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kwa hivyo ulinifunga kama ng'ombe, halafu ukaenda na kamba." Akaniletea chai. Pale Moi's Bridge mfanyabiashara wa mahindi hakuleta chai. Alichukua kazi yake akampelekea fundi mwingine na hakurudi kwangu tena. Nilistahili. Nilirudi Kitale na kufuli tisa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, nikazimimina mezani. Fundi Mkuu akazihesabu mara mbili, kisha akasukuma trei ya mayai kuelekea kwangu. "Kuna mteja."

Sasa niseme ile CD ilikuwa nini, maana ndiyo ilinibadilisha. Ilikuwa programu huria. Nilimuuliza Fundi Mkuu nani aliitengeneza.

"Watu."

"Watu gani? Ofisi yao iko wapi?"

"Wengine wako na ofisi, wengine wako kwao nyumbani. Wameandika, wakaacha wazi. Unatumia, unampa jirani, unafungua uone ndani, unarekebisha kama unaweza."

Nilielewa haraka kwa sababu mama yangu alitundika mahindi ya mbegu juu ya moshi jikoni. Aliyemwomba alipewa hindi zima, akapanda, akachagua bora, akawapa wengine. Ile nyingine ya dukani lazima uinunue kila msimu, ukipanda tena punje zake inakudhihaki shambani. Sidanganyi, ya dukani huzaa sana, na kuna programu za kununua zinazofanya kazi vizuri kuliko za huria. Ninazo. Lakini mtu asiyejua kuhifadhi mbegu yake mwenyewe anapanda kwa ruhusa ya mwingine. Tangu siku hiyo, kila mashine iliyopita tawi la Bungoma ilitoka na CD moja ya programu huria ndani ya bahasha, na karatasi yenye maneno yote ya siri, mwandiko wangu mbaya lakini unasomeka. Wateja hawakupungua. Niliendesha tawi hilo mpaka nikastaafu na mvi zangu.

Vijana wanaonitembelea hudhani mzee nina hasira na vitu vipya. Sina. Nina simu nzuri. Lakini nimeshika laptopu ambazo hazina skrubu hata moja nyuma, betri imegundishwa kama bahasha, ikichoka unaambiwa ununue nyingine. Nimeona printa inayokataa wino mzima kwa sababu haukutoka kwa kampuni yake. Nimeona programu ya tochi, tochi tu jamani, inayotaka kusoma majina ya watu wote kwenye simu yako, na masharti marefu ambayo hata wakili hasomi, chini yake kitufe kimoja: kubali. Nikiona hayo natambua mkono ule. Ni wangu, ukiwa na suti mpya Bungoma. Mimi nilifunga mashine tisa nikajiona mjanja, na wao wamefunga za dunia. Kufuli siichukii. Moja ya zile tisa iko kwenye ghala langu la mahindi hivi sasa, na ufunguo uko shingoni mwa mke wangu. Kile ninachouliza kwa kila kifaa ni ufunguo uko kwa nani. Nanyi muulize, kabla ya kukubali.

Mwaka huu Fundi Mkuu aliniita Kitale. Amezeeka, macho yamefunga ukungu, anaishi na binti yake. Laptopu yake ya zamani, anayoitumia kusikiliza habari na nyimbo za kwaya, ilikuwa imekufa. Niliweka trei ya mayai mezani. Mikono yangu nayo hutetemeka siku hizi, lakini skrubu inazijua.

"Mzee, njoo usimame hapa."

"Sioni kitu. Wewe fungua tu, nakuamini."

"Sikuuliza kama unaniamini. Njoo."

Akaja akiguna. Nilichukua kidole chake nikakiweka juu ya kila kitu nikikitaja: hii memori, hii diski, hii betri bapa. Akatabasamu alipoigusa ile betri. Tulibadilisha diski, nikaweka programu huria yenye maandishi makubwa na sauti ya kumsomea. Trei ikabaki tupu.

"Na neno la siri umeweka gani?" akauliza.

"Sijaweka. Weka lako. Mimi naangalia ukuta."

Niligeuka. Ukutani kulikuwa na kalenda ya duka la mbegu. Nyuma yangu alianza kubonyeza, polepole, akitafuta kila herufi kwa ncha ya kidole, akijizuia kucheka. Sikugeuka. Lakini masikio yangu ni mazima, nikahesabu. Zilikuwa herufi kumi na moja.