Bega la Mbuzi na Maji ya Nanasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kilo mbili za nyama ya ng'ombe na kisu butu. Ilikuwa nyumba ya Meneja wa kiwanda kimoja hapa Thika, na jikoni mlijaa mwanga wa asubuhi, mzito kama asali. Mkewe, Mama Meneja, alisimama mlangoni.

"Unaionaje hiyo nyama?"

"Ngumu, Mama."

"Si ngumu. Haijaongeleshwa."

Nilikaa naye miaka tisa nikijifunza kuiongelesha. Kuikata kinyume cha nyuzi, ile mistari inayopita ndani ya nyama, ili jino lisifanye kazi mara mbili. Kuilaza kwenye maziwa lala, yale yaliyoganda, na kitunguu saumu, asubuhi mpaka jioni. Na maji ya nanasi, ambayo hula nyuzi zenyewe: nusu saa tu, kisha unasuuza. Mashamba ya nanasi yalitanda nje ya mji, na upepo ukigeuka ungedhani nchi nzima inaiva polepole.

Meneja alipohamishwa, nilienda Ruiru, Gatongora, kwa Mwalimu Mkuu. Binti yake Njeri nilimkuza kwa mchuzi wangu. Ilipofika ngurario yake, sherehe inayokamilisha ndoa ya kimila, niliombwa kuchoma kiande, lile bega la mbuzi ambalo bwana harusi hukata mbele ya wazee. Asipolikata kwenye kiungo, hajaoa.

Kiande hutiwa chumvi tu. Nilijua. Lakini guka yake Njeri, yaani babu yake, alikuwa amebakiwa na meno mawili, na nilimpenda yule mzee. Bega la kulia nikalitoboatoboa, nikalilaza kwenye maji ya nanasi usiku kucha. La kushoto nikalitia chumvi, liwe letu wanawake wa jikoni.

Chini ya hema, bwana harusi alishika kisu. Kabla hajakikandamiza, nyama iliteleza kutoka mfupani kama shuka kutoka kwa mtu aliyesinzia. Wazee wakasogea kutazama. Njeri akanitazama.

"Sasa huyu ameoa, ama mbuzi amejikata mwenyewe?" mzee mmoja akauliza.

"Mama Shiku," Mwalimu akasema polepole, "umefanya nini?"

"Nilitia nanasi, Mwalimu. Nilifikiria meno ya guka."

Guka akagonga fimbo chini. "Haiya! Meno yangu yalikuomba msaada lini? Mbuzi ana mabega mawili. Lete hilo lingine!"

Nilikimbia kama msichana. Safari hii kisu kilikwama. Kijana akatokwa jasho, akapapasa, akajaribu tena, wazee wakimcheka, mpaka kiungo kikaachia kwa mlio mdogo mkavu. Vigelegele vikapaa. Njeri akalia, nami nikalia nikikumbatia sinia tupu.

Guka alitafuna kipande chake muda mrefu, macho ameyafumba. Kisha akaniita kwa kidole.

"Ile ya nanasi," akaninong'oneza, "umeificha wapi?"

Nimestaafu sasa. Jumapili Njeri huniletea nyama aliyoilainisha mwenyewe, maana meno yangu nayo yameanza kuniaga. Naila na kumshukuru. Lakini kwanza humwomba kipande kimoja kigumu, cha chumvi tu. Nakiweka shavuni, nafumba macho, na kwa mbali nasikia kisu kikitafuta kiungo.