Mtu Hatafutiwi Mji

Ipo siku moja, mwanangu, inayonirudia kila nikisikia vijana wakilinganisha miji. Ilikuwa Jumapili, hapa Nairobi, mtaa wa Kawangware, chumbani kwa kaka yangu Mutua, na wanaume wanne walikuwa wamekaa juu ya shauri la kuhama. Waliokuwa wakijadili ni watatu. Wa nne, ambaye ndiye aliyekuwa akihamishwa, alikuwa anakoroga chai iliyopoa. Huyo wa nne ni mimi, Kyalo.

Nimeikumbuka tena kwa sababu ya Mwende, mjukuu wa huyo Mutua. Anaishi na mume wake na mtoto wao kwenye zile ghorofa za Soweto East, hapa Kibera, na sasa wanataka kutoka Nairobi. Alikuja kwangu wiki iliyopita na simu mkononi, akanionyesha Nakuru, akanionyesha Eldoret: barabara zenye miti, nyumba zenye maji ya mfereji, mama anasukuma mtoto kwenye kigari bila kuruka mtaro hata mmoja.

"Babu, wewe si ulikaa Nakuru? Niambie tu, Nakuru ama Eldoret, nimalize hii stori."

Nikamwambia sijui. Akacheka, akidhani namchezea. Lakini kweli sijui. Nakuru niliyoijua mimi ilikuwa mji. Leo wanaiita jiji. Eldoret nimepita tu. Mimi ni fundi wa majiko, shule niliiacha mapema, na sitaki kuwa yule mzee anayeongea kwa sauti kubwa kuhusu mahali asipopajua. Ninachokijua ni ile Jumapili na yaliyoifuata. Nitaandika hayo, na wewe unayesoma, hata kama si Mwende, uchukue kinachokufaa.

Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa mtoto. Natembea kwa mkongojo. Wakati huo nilikuwa kijana, naishi Kisumu Ndogo, ndani ya Kibera, nafua mabati na kuunda majiko ya makaa. Kazi ilikuwa nzuri. Njia ndiyo iliyokuwa mbaya. Mvua ikinyesha, mkongojo unazama kwenye matope kama mwiko kwenye ugali, na msimu mmoja niliteleza nikaingia mtaroni mzimamzima, nikavunjika mkono. Fundi bila mkono ni jina tu. Mutua alinichukua nikakaa kwake Kawangware mpaka mfupa ukashika, na hapa nisiwe mchoyo wa shukrani. Alikuwa askari wa usiku, na bado asubuhi akirudi alinichemshia uji kabla ya kulala. Hakunisimanga hata siku moja. Kwa hiyo aliposema, "Kibera si mahali pa mtu wa mguu kama wako," hakusema kwa ubaya. Alisema kwa woga.

Jumapili hiyo aliwaita jamaa wawili wa kwetu. Mutua alitaka niende Machakos, kwa mjomba wetu Nzioka mwenye duka. Mmoja wa wale jamaa, aliyezoea kupeleka mizigo Nakuru, alitaka niende huko kwa sababu kuna tambarare. Wapishi wengi huharibu mchuzi, lakini hawa walikuwa na ari.

"Machakos kuna watu wake."

"Kuna milima pia. Atapanda na nini?"

"Apande aende wapi? Si atakaa dukani."

"Nakuru vyumba ni rahisi."

"Akifa Nakuru, nani atajua?"

Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na nje Shosho Wambui, bibi mwenye ploti ya vyumba vile, alikuwa anaanua nguo. Alikuwa mama mdogo wa mwili, mkubwa wa sauti, aliyezaliwa Kawangware wakati ingali mashamba, na hakuna mpangaji aliyewahi kumtisha. Akaweka beseni chini, akachungulia.

"Nyinyi mnauza nini humu?"

"Hatuuzi, Shosho," Mutua akasema. "Tunaangalia Kyalo tumpeleke wapi. Machakos ama Nakuru."

Akanigeukia. "Na wewe umesemaje?"

"Nasikiliza wazee."

"Wazee gani? Huyu Mutua juzi alishindwa kufunga mfereji, maji yangu ikamwagika mpaka barabarani." Jamaa wakacheka. Yeye hakucheka. "Wee kijana, wewe ni mtu ama ni kabati? Maana naona wanapima pembe ya kukuweka."

Masikio yangu yaliwaka moto. Nilimkasirikia yeye, mwanangu, wala sikuwakasirikia wale waliokuwa wakinipima. Ndivyo ujana ulivyo: anayekuamsha ndiye unayemwona adui.

"Shosho, hiyo miji mimi siijui," nikasema.

"Si uende uone."

"Machakos nimeenda. Kila Krismasi."

"Krismasi? Hata mimi Krismasi ni mtu mzuri." Akaokota beseni lake. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hujasikia hiyo? Sasa wewe unajua hizo siku mbili peke yake. Enda kote kuwili, ukae mpaka ipite. Uangalie siku ya tatu watakufanyia nini. Halafu ukirudi, ni wewe uambie hawa. Si hawa wakuambie."

Akaenda zake. Mutua akasema wenye ploti hawana kazi. Lakini mkono ulipopona kabisa, nilifunga mfuko nikaenda, kwanza Machakos.

Lazima niseme haki. Machakos ni mahali pazuri, na nilipokelewa vizuri kuliko nilivyostahili. Kikamba nilikisikia kutwa nzima, hata kwa watoto wanaogombana, na moyo ulitulia. Kuku alichinjwa. Kitanda changu kiliwekwa mbali na mlango nisipigwe na baridi. Siku ya tatu niliamka mapema nikashika ufagio. Mke wa mjomba akauchukua mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Wacha, mwanangu. Wewe kaa."

Nikaenda dukani nikaomba nipime misumari. Mjomba akasema nitachoka. Nikawekewa kiti penye jua, karibu na mlango, na wateja wakawa wananisalimia wakipita, kama wanavyosalimia mgonjwa. Mama mmoja alinitazama sana, kisha akamuuliza mjomba kana kwamba mimi sipo:

"Huyu anakunywa chai?"

"Anakunywa."

"Na sukari?"

"Mama," nikasema, "kilichopooza ni mguu. Ulimi uko sawa. Sukari ni vijiko viwili."

Akacheka kwa upendo wa kweli, akanipapasa kichwa. Nilikuwa na ndevu, mwanangu.

Siku ya tatu ikapita, ya nne ikapita, wiki ikaisha, na jembe halikuja. Sikumwona mtu mbaya hata mmoja katika nyumba ile. Hilo ndilo lililonitisha. Ningekuwa nimeonewa, ningepigana. Utapigana vipi na mtu anayekuletea mto wa kuegemea? Nilijiona nimezeeka kwenye kile kiti, nywele nyeupe, bado mgeni, bado wanaulizana kama natumia sukari. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Pale macho yangu yangebaki mazima kabisa.

Nakuru nilifikia kwa Mama Atieno, dada wa fundi mwenzangu wa Kisumu Ndogo. Alikuwa anakaanga samaki kando ya barabara. Chumba kilikuwa kidogo, upepo unaleta vumbi mpaka kwenye meno. Siku mbili za kwanza alinipa kipande kikubwa cha samaki na kuniuliza habari za kaka yake. Siku ya tatu hata sijanawa uso, akasimama mlangoni.

"Wewe fundi, leo sikupikii bure. Kuna samaki ya kuparua, na jiko yangu imetoboka chini, makaa inaanguka. Ama hata mikono ni mgonjwa?"

"Mikono ni mizima."

"Basi mbona umekaa kama bwana harusi?"

Niliparua samaki mpaka magamba yakanishika kwenye nyusi. Nikaziba jiko. Mchana jirani yake akaleta lake, nami nikalitengeneza kwa haraka, maana nilitaka kuonekana hodari. Yule jirani akaligeuzageuza.

"Hii umepinda. Kwani na macho pia ina shida?"

Alikuwa amesema kweli, nilikuwa nimelipinda. Akalirudisha mikononi mwangu na kusimama pale nikirudia, hakuniambia nipumzike, hakuniambia si kitu. Sijui kama wewe uliye na miguu miwili mizima utanielewa, lakini sikuwahi kujua kuna utamu katika kukaripiwa kama mtu mzima.

Na hapa tena lazima niseme yote, nisije nikakuuzia Nakuru. Siku hiyo hiyo watoto walinifuata nyuma wakiiga ninavyochechemea. Sokoni nilianguka, na watu wakanikwepa kama wanavyokwepa dimbwi, mpaka mwanamume mmoja akaniinua, akanipa mkongojo, akaenda bila hata kuniangalia usoni. Mji ule haukunipenda. Ulinihitaji kidogo tu, jiko moja moja. Kwa mtu aliyetoka kupendwa wiki nzima, hilo lilinitosha.

Niliporudi Kawangware nilimkuta Mutua anavaa koti lake la uaskari, jioni, tayari kwenda kazini.

"Nimechagua Nakuru," nikamwambia.

"Nakuru uko na nani?"

"Sina mtu."

"Unaacha damu yako unaenda kwa watu wa vumbi?"

"Kwa mjomba nitakaa kwa kiti mpaka nife. Sitaki kiti."

Akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, polepole. "Ukianguka huko usiniite."

"Nikianguka nitainuka. Hiyo kazi naijua kukushinda."

Akatoka bila kuniaga, yeye aliyenichemshia uji. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kusema kwa upole zaidi. Nadhani ningeweza. Lakini pia nadhani ningesema kwa upole nisingekwenda, kwa sababu Mutua alikuwa hodari sana wa kujibu upole.

Tulikaa kimya muda mrefu, yeye Kawangware, mimi Nakuru. Sikukuta pepo. Kulikuwa na misimu majiko yalipokosa mnunuzi nikala ugali kwa chumvi, na hilo vumbi liliniachia kikohozi nilicho nacho mpaka leo. Nilipata kibanda, nikapata mke, nikapata wateja wasio na huruma. Kisha siku moja Mutua akatokea bila taarifa, akakaa kwenye debe pembeni ya kibanda changu akitazama. Mama mmoja alikuwa ananifokea kwamba nimechelewesha jiko lake, na mimi nafoka kwamba bati halikuja. Mwingine akasema mlango wa lake haufungi. Mutua alisikiliza asubuhi nzima. Mwishowe akasema:

"Hawa watu hawana adabu na wewe hata kidogo."

"Hawana," nikasema.

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Hatukuombana msamaha. Alivua koti, akashika upande mmoja wa bati, nikakata.

Baadaye nilirudi Kibera kwa hiari yangu, binti yetu alipopata kazi huku na mke wangu akataka kuwa karibu na wajukuu. Watu walisema Nakuru imenishinda. Waseme. Sikuapa kuufia mji wowote. Na wapo wanaosema anayehama Kibera ametoka shimoni, na anayerudi amepotea akili. Hao nao waseme. Nyundo ya kwanza niliyoishika, niliishika Kisumu Ndogo, nikapewa na mtu asiyeniuliza habari ya mguu. Matope ni mabaya, sitayapaka sukari. Lakini sikuwahi kuhama kwa kuona haya.

Sasa, Mwende, na wewe mwenzake usiyemjua, nasaha yangu ni hii, na kama nimekosea mnisamehe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Simu yako inakuonyesha siku ya kwanza tu, siku ya kuku. Nenda mwenyewe, katikati ya wiki, bila mwenyeji wa kukupamba, na mtoto mgongoni. Panga foleni ya maji. Kaa kwenye benchi la zahanati mtoto akiwa analia. Nunua sukuma wiki kwa mama asiyekujua, uone mtabishana vipi. Kaa mpaka wakuzoee, na utazame watakutuma nini. Mahali ambapo kila mtu anakusifu na hakuna anayekupa kazi, shukuru, kula, uage. Wakikuambia hujui kitu, rudi kesho yake, maana hapo wameshakuhesabu miongoni mwao. Usiogope kuchagua mji mgumu ulio na nafasi yako kuliko mji laini ulio na kiti chako. Na watu wako wakikaa kukutafutia, hata wakiwa wanakupenda, hata wakiwa ndio waliokuogesha utotoni, weka kikombe chini useme. Usinisubiri mimi nikuchagulie. Nikikuchagulia, nitakuwa nimekunyang'anya ufagio.

Nenda basi, mwanangu, Nakuru ama Eldoret ama usihame kabisa. Mungu akupe mji utakaokutuma kabla haujakusifu, na majirani watakaokukosoa leo na kukuita kesho. Miguu ya mtoto wako ikaze popote utakapoishusha. Na ukichagua vibaya, basi liwe kosa lako mwenyewe, ulibebe kichwa kikiwa juu, wala usimwambie mtu kwamba ulipelekwa. Amina.